Mnavu wa Wifi Yangu

Nimeandika haya kwa ajili ya mwanamke aliyejifungua juzi, ambaye titi lake limekuwa gumu kama jiwe la kusagia naye anaogopa kumwambia mtu. Mimi nilikuwa kama yeye. Ugonjwa huu unatoka wapi sitaeleza, kwa sababu sijui, na waliojaribu kunieleza hawakukubaliana. Nitasimulia tu nilivyoupitia. Mambo ya aibu nayo sitayaficha, maana si jipu peke yake lililonichelewesha kupona.

Nimezaliwa Mwarusha, upande wa magharibi wa mlima Meru, chini ya Olmotonyi. Sotoka ilipomaliza ng'ombe wa nchi nzima, baba alibaki na mitamba miwili, na kwa hiyo miwili alijenga zizi upya. Katika mwaka ule wa njaa mama alitulisha majani ya porini, hasa mnavu, ule mfupi wenye maua meupe madogo unaoota pembeni mwa mashamba bila kupandwa na mtu. Ng'ombe walipozaana tena, baba alikataza mnavu usipikwe nyumbani kwake. Alisema una ladha ya mwaka ule. Nikakua nikiamini kwamba anayekula mnavu ni mtu aliyekosa kitu kingine.

Nikaolewa na Mmeru, upande wa pili wa mlima, juu kwenye migomba. Huko mnavu ni chakula cha heshima, na kwa mzazi ni lazima. Mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu, hafanyi kazi, hapigwi na jua, analetewa maziwa, siagi, ndizi zilizopondwa na bakuli la mnavu kila siku. Mimi nilijifungua mvua za vuli zilipoanza, siku zile Wajerumani walikuwa wakiwakusanya vijana wetu kubeba mawe na chokaa ya boma pale Arusha. Mtoto alikuwa wa kike. Mama mkwe akampa jina la Nsia.

Nyumbani kwetu alikuwapo pia wifi yangu, Ndeanka, dada wa mume wangu. Alikuwa amerudi kwao wiki tatu kabla sijajifungua. Mumewe alichukuliwa na msafara wa Wajerumani kubeba mizigo na hakuna aliyejua yuko wapi, na mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alikufa akiwa na siku saba. Alirudi na kikapu kimoja na matiti yaliyojaa. Nilimwonea huruma, kweli. Lakini nilikuwa na tumbo kubwa na mawazo yangu mwenyewe, nami nilimwambia pole mara moja tu.

Siku ya tisa baada ya kujifungua, titi langu la kushoto liliamka limevimba. Kufika jioni lilikuwa jekundu, linang'aa, na mwili wote ukatetemeka kwa homa. Nilipomweka Nsia kunyonya niliuma meno nisipige kelele. Siku iliyofuata sikuweza hata kuvumilia ngozi ya kondoo niliyofunikwa. Nikawa namnyonyesha titi la kulia tu, lakini kwa homa ile maziwa ya huko nayo yalianza kupungua. Mtoto ananyonya kidogo, anaachia, analia.

Ndeanka ndiye aliyeingia na majani. Aliponda majani mabichi ya mnavu, akayapasha moto juu ya kigae, akayalaza juu ya uvimbe na kufunga kwa ganda la mgomba. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Ule ujoto ulinipa nafuu ya saa moja au mbili, nikalala usingizi wa kwanza tangu homa ianze. Nilipofungua macho Nsia hakuwa ubavuni mwangu. Mama mkwe alikuwa ameshamchukua. Upande wa pili wa moto, karibu na mbuzi wanaolala ndani, Ndeanka alikuwa ameketi na mwanangu kifuani, na mwanangu alikuwa akimeza. Nilisikia kila funda.

Hakuna aliyeniuliza. Mama mkwe alisema tu kwamba mtoto ana njaa na maziwa yapo, sasa tungoje nini. Alikuwa na haki. Mimi nilijua ana haki, na bado nilitamani kuinuka nimpokonye. Sikuweza kuinuka. Nikageukia ukutani.

Tangu siku ile nilianza kuhesabu. Nilihesabu mara ngapi Nsia ananyonya kwake na mara ngapi anaguswa na mimi. Nilitazama jinsi Ndeanka anavyomfuta mdomo. Uso wake, uliokuwa umekauka alipofika, ulianza kujaa. Wangu ulikuwa unaingia ndani. Niliona kwamba kila kitu kinachotoka kwangu kinaenda kwake. Mwanamke akiwa na homa na wivu kwa pamoja hajui kipi kinachomchoma.

Na kila siku, baada ya kumnyonyesha mwanangu, aliniletea bakuli. Aliuchuma mnavu mwenyewe pembezoni mwa msitu, mahali palipochomwa moto mwaka uliopita, kwa sababu alisema wa pale una majani laini. Akachambua majani tu. Tunda bichi la kijani halitiwi chunguni, aliniambia, lina sumu. Likiiva na kuwa jeusi watoto hulila kama peremende. Akayachemsha, akamwaga maji ya kwanza yenye uchungu mkali, akayachemsha tena, akatia maziwa na siagi na kuyaponda pamoja na ndizi. Akakaa chini kunisubiri nile.

Nilionja kijiko kimoja. Uchungu ulibaki nyuma ya ulimi, nami nikakumbuka mwaka wa njaa. Nikamwambia nitakula baadaye. Alipotoka nikamwaga bakuli lote nyuma ya kitanda, kwa mbuzi. Nikafanya hivyo siku nyingi. Nilikuwa nakunywa maziwa tu, nikidhoofika, na mbuzi wale wananenepa.

Halafu nikapata wazo baya zaidi. Kwa kuwa alinieleza mwenyewe habari ya tunda la kijani, nikajiuliza kwa nini ameitaja sumu. Mume wangu aliporudi kutoka kazi ya mawe, amechoka, mabega yamechubuka, nilimvuta karibu na kumwambia kwamba dada yake ananilisha sumu polepole ili abaki na mtoto. Bakuli la siku ile lilikuwa bado mbele yangu. Alilichukua, akala mnavu wote hadi akafuta na kidole, akalirudisha tupu. Kisha akalala. Asubuhi alikuwa mzima kabisa, akashuka tena kwenda bomani. Ningekuwa na akili ningeona aibu. Badala yake nilimkasirikia kwa kuwa upande wa dada yake.

Jipu liliendelea kukua. Lilikuwa limefika upande wa kwapa, na ngozi juu yake ilikuwa nyembamba, rangi ya zambarau. Mama mkwe alikuwa na dawa zake, alizitumia zote, na siku moja alikaa chini akasema zimeisha. Alikuwa amesikia kwamba bomani kuna daktari Mjerumani anayekata majipu ya askari. Mzazi kutolewa nje kabla ya miezi yake ni jambo zito, lakini alisema kaburi nalo ni nje. Wanaume wanne wa ukoo wakanibeba kwa machela, nimefunikwa ngozi mpaka kichwani nisionwe na watu. Mama mkwe na Ndeanka walitembea nyuma, Ndeanka akiwa na Nsia mgongoni. Njia nzima nilikuwa nasikia mtoto akilia na kunyamazishwa, bila kuona.

Nje ya ukuta wa boma wagonjwa walikuwa wamekaa chini kwenye mstari. Kulikuwa na mzee ambaye funza walimla vidole vya miguu, na mama mmoja aliyefunga macho yote mawili kwa kitambaa, na wabeba chokaa wenye vidonda. Askari alipita kila mara kututaka tusogee. Siku ya kwanza jua lilituchwea bila kufikiwa, tukalala palepale. Mwanamke mmoja wa pwani, mke wa askari, alituona asubuhi akatuletea uji katika kibuyu na kutupa mkeka tukae kivulini mwa kibanda chake. Hakutujua. Nimemwombea tangu nilipojifunza kusali.

Mwanamke yule alimtazama Nsia akinyonya, akamwambia Ndeanka kwa Kiswahili, "Mwanao mzuri. Mmefanana."

Kiswahili changu siku zile kilikuwa kidogo, lakini hayo niliyaelewa. Ndeanka naye aliyaelewa. Mumewe, aliyewahi kwenda safari za mizigo zamani, alimfundisha lugha ya msafara. Nilimtazama usoni. Hakujibu upesi. Alikuwa amemwinamia Nsia, na nikaona kwamba anayaonja yale maneno, anayashika kidogo kabla ya kuyatoa.

"Si wangu," akasema mwishowe. "Wa wifi yangu huyu."

Kunyamaza kule hakukuzidi pumzi mbili. Nilikaa nako moyoni kwa wiki nyingi.

Alasiri tuliitwa. Daktari aliniangalia kutoka mlangoni tu. Aliyenikata ni msaidizi wake, mtu mzima wa Tanga, mpole. Alimwambia mama mkwe anishike mabega na Ndeanka anishike miguu. Sitaeleza maumivu yale. Usaha ulijaza bakuli la bati, na baada yake nilihisi wepesi mpaka nikalia kama mtoto. Alitia utambi wa kitambaa ndani ya kidonda ili usaha uendelee kutoka, akauliza tulikuwa tunaweka nini juu yake. Ndeanka akamwambia. Msaidizi akasema majani yale yasitiwe tena juu ya kidonda kilichofunguliwa, ila tumboni yaingie kila siku, kwa sababu mimi sina damu. Akanifunua kope kumwonyesha mama mkwe jinsi zilivyokuwa nyeupe kwa ndani. Akaniuliza kama nakula. Nikasema nakula. Ndeanka alinitazama, naye hakunisaliti.

Msaidizi akasema pia kwamba titi la kushoto huenda lisitoe maziwa tena. La kulia laweza, kama mtoto atalinyonya.

Tulishuka bomani mara nne zaidi kubadilisha utambi. Mara ya pili bado nilibebwa. Mara ya tatu nilitembea nusu ya njia nikishikilia fimbo, mvua ikinyesha na mto Nduruma umejaa. Mara ya nne nywele zilianza kunitoka nilipojichana, na mbavu zangu ungeweza kuzihesabu. Mara ya mwisho msaidizi aliuvuta utambi mfupi kama ukucha, akasema sasa kitafunga chenyewe. Kovu lilibaki limeingia ndani kama kitovu cha pili. Mume wangu alipoliona mara ya kwanza aliweka kiganja chake juu yake, akakaa hivyo. Hilo nalo nililihesabu, maana siku zile mambo mazuri niliyoyahesabu yalikuwa machache.

Homa ilipokwisha nilidhani nitachukua mtoto wangu, na mambo yatarudi yalivyokuwa. Nikamweka Nsia kwenye titi la kulia. Alilinusa, akageuza uso, akapiga kelele. Nikajaribu tena. Akanisukuma kwa mikono miwili midogo, akanyoosha shingo kumtafuta Ndeanka kwenye giza la nyumba. Ndeanka alikuwa anachochea moto. Alipomsikia mtoto, mbele ya nguo yake ya kaniki kukalowa maziwa, hakuweza kuyazuia.

Ndipo niliposema maneno ambayo ningetoa ng'ombe wote wa baba kuyarudisha. Nilimwambia, "Wako ulimzika. Huyu ni wangu."

Mama mkwe aliangusha mwiko. Ndeanka alisimama, akaweka ukuni alioushika mahali pake vizuri, akachukua kikapu chake na kutoka. Alikwenda kukaa kwenye kibanda cha kulindia mahindi, juu karibu na msitu.

Siku mbili. Nsia alikataa maziwa ya ng'ombe, aliyoyameza akayatapika, kisha akaanza kuharisha. Siku ya pili sauti yake ya kulia ilikuwa nyembamba kama ya paka. Na kila asubuhi mama mkwe alipofungua mlango alikuta fungu la mnavu kizingitini, limechambuliwa, halina hata tunda moja. Alilipika bila kunisemesha, akaweka bakuli mbele yangu. Siku ya pili ile nilikula. Nilikula kwa hasira, kisha kwa njaa, na nilipomaliza nikajifunga mtoto mgongoni na kutoka nje, ingawa miezi yangu ya uzazi ilikuwa bado.

Jua liliniuma macho. Mlima wa Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nilipanda polepole nikipumzika kila baada ya migomba michache, na nilimkuta Ndeanka kwenye ile sehemu iliyoungua, ameinama, anachuma. Kifua chake kilikuwa kimefungwa kwa nguvu na kamba ya mgomba. Nilijua maumivu ya kifua kilichojaa kuliko mtu yeyote mlimani.

Nilipiga magoti, nikamfungua Nsia na kumweka mikononi mwake. Alifungua kamba, akamnyonyesha pale pale kwenye majivu na majani. Sote watatu tulikuwa tunalia, ila Nsia ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Wifi, nisamehe," nilimwambia. "Nilikuwa na wivu."

"Unafikiri mimi sina?" akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Kila ninapomshika nakuonea wivu wewe. Usiku namwota kama wangu, asubuhi nakuona umelala pale, nami naomba upone. Naomba hivyo kila siku, na kila siku ni vigumu."

Kisha akasema atarudi, kwa sharti moja: mnavu nitaula mbele yake, mpaka bakuli liwe tupu. Alijua habari ya mbuzi. Alikuwa ameijua tangu mwanzo.

Tukarudi naye. Yeye ndiye aliyebuni namna ya kumrudisha mtoto kwangu. Tuliketi bega kwa bega kitandani. Nsia alianza kwake, akashiba nusu, akalegea kwa usingizi, hapo Ndeanka akamsogeza kwangu taratibu na kulitia titi langu la kulia mdomoni mwake kabla hajatambua. Siku za kwanza alitambua. Kama siku ya nane hivi, alinyonya kidogo bila kufungua macho. Hakukuwa na maziwa, ila alinyonya. Mimi nilikuwa nakula bakuli la asubuhi na la jioni, na supu yake nikainywa, na uchungu ule ulianza kuwa kitu ninachokitafuta ulimini. Masika yalipokaribia niliona tone moja jeupe. Nilimwita mama mkwe aje alione. Alilitazama, akaguna, akaenda kukamua mbuzi mwingine kwa ajili yangu.

Usidhani wivu uliisha. Kwa kila tone nililopata niliogopa mtoto atalikataa. Nsia alipolia alimtazama Ndeanka kwanza, na jambo hilo lilinichoma kila mara. Tofauti ni kwamba sasa niliweza kumwambia, naye akaniambia yake, na kazi ikaendelea.

Dada unayesoma haya, nakuambia machache niliyo na hakika nayo. Titi likivimba, sema siku ileile. Majani ya moto hutuliza, lakini yakishindwa siku mbili tatu tafuta mtu wa kukata, usisubiri kama mimi. Mnavu uchume majani tu, mwaga maji ya kwanza, ule hata kama kwenu ni chakula cha dhiki. Na kama mwanamke mwingine anamnyonyesha mwanao, usijilaumu kwa kuona wivu. Mlishe tu huyo mwanamke vizuri.

Masika yalipokuwa katikati, maziwa yangu ya titi moja yalimtosha Nsia mchana na usiku. Mama mkwe akasema ni wakati wa Ndeanka kukausha yake, maana ndugu wa mumewe walikuwa wameleta salamu. Mume alikuwa hai, anarudi. Asubuhi ya siku aliyotakiwa kujifunga kifua, Ndeanka aliingia, akasimama karibu na moto, hakuomba kitu. Nsia alikuwa mapajani mwangu na alikuwa na njaa.

Nikamnyanyua, nikampa.

Nilitoka nje nikaketi kwenye kigogo karibu na mlango, na kikapu cha mnavu mbele yangu. Nikaanza kuchambua, jani na jani, matunda ya kijani nikiyatupa mbali. Niliona wivu tangu jani la kwanza mpaka la mwisho. Kikapu kilikwisha, nikakaa tu na mikono mitupu, umande ukikauka kwenye migomba. Sikuingia mpaka aliponiita mwenyewe.